Ganda la mti na aibu ya baba



Juma lililopita, baada ya mkutano, mama mmoja aliniita kando. Mume wake anaamka usiku mara tano kukojoa, na mkojo unatoka kidogo kidogo. Shangazi amewaletea ganda la mti kutoka upande wa Butembo. Akaniuliza: «Mwalimu, nimchemshie?»

Ganda lile si mchezo. Wataalamu wanauita mti huo Prunus africana, nao unaota katika misitu ya milima yetu. Mwanaume akizeeka, tezi iliyo chini ya kibofu, yaani prostati, mara nyingi inakuwa kubwa na kubana njia ya mkojo. Ndani ya ganda mna vitu vinavyotuliza uvimbe. Katika miaka ya 1960 Wafaransa walianza kuyatoa dawa maganda hayo, na magunia yametoka Kivu Kaskazini mpaka Ulaya.

Basi, kwa nini sikumjibu «ndiyo»?

Kwanza, kiwandani wanapima. Kwa kawaida mgonjwa anapewa miligramu 100 kwa siku za dawa iliyokamuliwa kutoka gandani. Sufuria yetu haina kipimo: leo maji ni mepesi, kesho ni makali.

Pili, kukojoa kwa shida kuna sababu nyingi. Inaweza kuwa ugonjwa wa sukari, maambukizo, au kansa. Ganda haliponyi kansa. Baba anaweza kusikia nafuu kidogo, huku ugonjwa unaendelea kimya. Na mkojo ukifunga kabisa, msingoje asubuhi: ni hospitali saa ile ile.

Mama akanijibu: «Anaona haya, Mwalimu.» Hapo ndipo penye shida kweli. Baba zetu wako tayari kunywa kikombe kichungu gizani kuliko kumweleza munganga. Tuzungumze nao kwa upole, faraghani, si mbele ya watoto.

Siku ya tatu yule baba alikubali kwenda kituo cha afya pamoja na kaka yake. Mama alimwekea kipande cha ganda mfukoni, ili munganga aone alichotaka kunywa. Nanyi fanyeni hivyo: msifiche dawa ya kienyeji.

Na shangazi naye aambiwe: mti ukichunwa pande zote unakufa. Wajukuu wetu nao watazeeka.

Tuonane juma lijalo.