Mwalimu Mgeni na Vitabu Vyake

Mtu apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto huliacha nyuma yake joto la bondeni. Barabara yapinda na kupinda tena, upande mmoja jabali, upande mwingine korongo. Akifika Soni husikia maporomoko ya maji. Na akifika Lushoto, kama ni mwezi wa Juni au Julai, hutafuta sweta. Njia hii ndiyo apitayo mwalimu mpya aliyepewa shule katika milima ya Usambara. Huja na godoro, sufuria, ndoo na sanduku la nguo. Vitabu je? Mara nyingi vimebaki kwao, au aliwagawia rafiki zake siku ile alipotoka chuoni, maana mtihani ulikuwa umekwisha.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Wako walimu wengi wanaodhani kwamba cheti ni mwisho wa kusoma. Walakini cheti husema neno moja tu, ya kuwa siku fulani mtu huyu alijua mambo fulani. Juu ya mwaka wa kumi hakisemi lolote. Mwalimu asiyesoma hufundisha katika mwaka wa kwanza yale aliyoyaandika chuoni, na katika mwaka wa kumi hufundisha yale yale, ila karatasi zimegeuka rangi. Watoto hulijua jambo hili. Hawalisemi, kwa kuwa wana adabu, lakini hulijua.

Wako watakaojibu kwamba kazi ya mwalimu ni nyingi. Asubuhi yuko darasani, mchana ana madaftari ya kusahihisha, na jioni ana njia ya kupanda mlima hata nyumbani. Tena mshahara ni mdogo, na kitabu kina bei. Maneno haya ni ya kweli, wala si haki kuyacheka. Lakini walimu wa zamani walikuwa na kazi hiyo hiyo, na vitabu vyao vilikuwa haba kuliko vya leo. Wakati wa Wadachi gazeti la Kiongozi lilipigwa chapa katika shule ya serikali ya Tanga. Na baada yao, tangu mwaka 1923, likawako Mambo Leo la Dar es Salaam. Yote mawili yalitoka mara moja tu kwa mwezi. Walimu waliokaa mbali waliyasoma magazeti hayo, tena walishika kalamu wakayaandikia habari za nchi walizokaa. Hesabu yenyewe si ngumu: asomaye kurasa tano kila usiku atakuwa amesoma kurasa mia na hamsini kwa mwezi. Kuna watu wanaokawia zaidi wakingoja chai ichemke.

Basi asome kitabu gani kwanza? Mpenda vitabu atasema, chochote kilicho kizuri, na si neno baya. Lakini mgeni wa Usambara anacho kitabu kinachomngoja, nacho ni Habari za Wakilindi. Aliyekiandika ni Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani, aliyekaa muda mrefu kwa Wakilindi waliokuwa wakitawala milima hii. Kilipigwa chapa Magila, kwa sehemu, katika miaka ya 1890 na iliyofuata, na mwaka 1962 kikatolewa tena Nairobi. Humo imo habari ya Mbega, mwindaji wa Ngulu, aliyeota meno ya juu kwanza. Kwa desturi ya siku zile mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi. Ndugu zake wakamnyima urithi, akaondoka na mbwa wake, akawa mtu wa kuwinda nguruwe porini. Mwisho watu wa milimani, ambao aliwagawia nyama, wakampa ufalme, na mji wa wafalme ukawa Vuga.

Mwalimu aisomaye habari hii akiwa Dar es Salaam huisoma kama hadithi. Akiisoma karibu na Vuga huwa ni jambo jingine kabisa. Bumbuli iliyotajwa kitabuni ndiyo Bumbuli wanakotoka baadhi ya wanafunzi wake. Mlima aliopanda mwindaji ndio unaoonekana dirishani. Tena huelewa kwa nini mashamba ya watu hawa yalihitaji mtu wa kuwaua nguruwe. Maana nguruwe akiingia shambani usiku, asubuhi hakuna kitu.

Yafaa pia aone jinsi watu mbalimbali walivyoiandika nchi hii. Krapf, mmisionari wa Rabai, alifika kwa mfalme Kimweri mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Burton na Speke walifika Vuga mwaka 1857, wakamkuta Kimweri mzee na mgonjwa, naye akatumaini kupata dawa kwao. Hawakukaa sana. Burton aliandika mengi kuhusu safari ile, tena kwa ufundi, lakini aliandika kama mtu ambaye mizigo yake imekwisha kufungwa. Abdallah bin Hemedi hakupita, alikaa. Kwa hiyo aliandika maneno waliyosemezana watu, nani alimkasirikia nani, na kwa sababu gani. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1960, alikuja Mmarekani mmoja, Steven Feierman, akaenda kwa wazee akiwasikiliza. Aliona kwamba habari ya Mbega haisimuliwi namna moja kila mahali. Kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa kilitoka mwaka 1974.

Sasa mwalimu mpya yu katikati ya hao. Huja kama Burton, na sanduku mkononi, haijui lugha ya milimani, akistaajabu baridi. Lakini hapiti. Atakaa miaka mitatu, au kumi, au atazeeka huko. Msafiri wa siku tatu hana nafasi hiyo, na mwenyeji aliyezaliwa hapo hana macho ya mgeni. Mwalimu anayo yote mawili kwa muda, naye akiacha kusoma huyapoteza yote mawili bila kujua.

Iko hatari nyingine, nayo ni ya mpenda vitabu mwenyewe. Yuko mtu afikaye kijijini akafunga mlango, akasoma usiku na mchana, asiamkie wazee, asiende msibani, asionje chakula cha jirani. Huyo naye amekosea, labda kuliko yule asiyesoma kabisa. Maana huyu wa pili angalau huzungumza na watu sokoni. Kitabu kimfanyacho mwalimu awaogope majirani zake ni heri akifunge kwanza, atoke nje.

Mtu na amfikiri mwalimu kijana katika mwaka wake wa kwanza, katika shule iliyo njia ya kwenda Mlalo. Mvua inanyesha, ukungu umeingia hata darasani, na somo la historia limekuwa zito. Anafungua Habari za Wakilindi, anasoma kwa sauti kurasa mbili za Mbega, kisha anawaambia watoto wakaulize nyumbani. Kesho yake mikono mingi inainuka. Mmoja asema bibi yake ameisikia habari vile vile. Wa pili asema babu yake amecheka, akasema huyo mtu wa pwani aliambiwa na watu wa Vuga tu, na huku kwao habari ni nyingine. Wa tatu, msichana asemaye kidogo, asema bibi yake amekataa kulisimulia jambo hilo kwa mtoto, lakini mwalimu mwenyewe akija Jumamosi atamwambia.

Mwalimu asiyesoma asingaliitwa nyumba ile. Na mwalimu asomaye tu, asiyetoka, asingalikwenda. Huyu ananunua daftari jipya dukani, anaandika juu yake jina la kijiji, na Jumamosi anashika njia ya telezi kati ya migomba, viatu mkononi, na daftari kalitia ndani ya shati lisipate maji.