Achana na iPhone Kwanza: Jenga Apu ya Simu Ambayo Watu Wako Nayo

Wacha niseme hii kitu mapema ndio mkasirike mapema: kama wewe ni kijana wa Kenya na unaanza kujenga apu, chagua mfumo mmoja tu, na huo mfumo uwe Android. Si Android na iPhone kwa mpigo. Si iPhone ndio uonekane umeomoka. Android peke yake, kwa lugha yake yenyewe, mpaka hiyo apu ifanye kazi fiti kwa simu ya mtu anayehesabu bando.

Najua tayari kuna msee ameanza kuandika "lakini Flutter..." Tulia, tutafika huko.

Kwanza panda matatu yoyote asubuhi, iwe ya Rongai ama ya Kayole, na uangalie mikono ya watu. Tecno, Infinix, itel, Samsung za bei ya chini, Redmi moja moja. Halafu iPhone moja, mara nyingi ya mtumba, imeshikwa vizuri ndio lile tufaha lionekane. Hizo tatu za kwanza zote ni za kampuni moja ya China, Transsion, na zote zinatumia Android. Huo ndio uwanja. Ukijenga apu ya Wakenya bila kufikiria hizo simu, unajengea watu ambao wako kwa kichwa chako tu.

Na haikutokea hivyo kwa bahati. Mwaka wa 2011 simu ndogo ya Huawei, IDEOS, ilifika hapa kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kujikaza akanunua, na ilikuwa Android. Mwaka wa 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, unalipa shilingi 20 kwa siku mpaka simu inakuwa yako. Hiyo pia ni Android. Mwaka wa 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kikafunguliwa Athi River. Simu zake ni Android vilevile. Kila mara mlango wa intaneti ukifunguliwa kwa mtu mwingine mwenye mfuko mwepesi, simu anayoshika ni ya aina hiyo moja.

Sasa, apu asilia ni nini? Ni apu iliyoandikwa kwa lugha na vifaa vya mfumo wenyewe. Kwa iPhone hiyo ni Swift, ambayo Apple waliitoa 2014. Kwa Android ni Kotlin, ambayo Google waliikubali rasmi 2017 na kuiweka mbele ya Java 2019. Njia ile nyingine ni kuandika msimbo mara moja halafu uutume kwa simu zote mbili, kama vile Flutter na React Native hufanya. Ukisikiza hiyo ya pili unaona kama ni chakula cha bure. Msimbo mmoja, masoko mawili! Nani atakataa?

Mimi nakataa, kwa sababu ya hesabu. Kuweka apu kwa Play Store unalipa dola 25 mara moja tu maishani. Dola ikiwa shilingi 130 hivi, hiyo ni kama 3,250. Kuweka kwa App Store unalipa dola 99 kila mwaka, karibu 12,900, na usipolipa mwaka ujao apu inatolewa dukani. Halafu ili kuijenga na kuituma unahitaji kompyuta ya Mac, ama ukodishe ya mtandaoni. Halafu iPhone ya kujaribia. Wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, HELB imechelewa, na unaambiwa uwe na Mac ili uzindue apu ya kugawana pesa za nyumba na wenzako. Manze, hapana.

Na pesa ndio shida ndogo. Shida kubwa ni umakini. Mifumo miwili ni aina mbili za hitilafu, sheria mbili za duka, na watu wa aina mbili wanalalamika saa tano usiku. Kampuni yenye developa ishirini inaweza kubeba hiyo. Wewe na beshte yako hamwezi. Mtaishia kuwa na apu mbili nusu nusu, na nusu mbili za apu hazifanyi apu moja.

Nimekuwa nikijenga apu ya kurekodi michango ya chama cha shosho yangu. Kitu kidogo sana: nani ametoa, nani amekopa, nani amechelewa. Nilimpa ajaribu kwa itel yake, na hiyo simu imenifunza kuliko masomo yote ya YouTube. Shosho ameongeza ukubwa wa maandishi mpaka mwisho kwa sababu ya macho, na kitufe cha "Hifadhi" kikasukumwa kikatoka nje ya skrini. Simu yenyewe ina tabia ya kuua kila kitu kinachofanya kazi chinichini ili kuokoa betri, kwa hivyo ukumbusho wa Jumatano alikuwa akiupata Alhamisi, ama asiupate kabisa. Na nafasi imejaa. Vidio za WhatsApp za harusi, za mazishi, za pasta, zote ziko hapo, na simu ikianza kulia "nafasi imeisha" haguzi vidio ya mjukuu wake. Anafuta apu ambayo ni kubwa na haitumii kila siku. Hiyo ni yako, ndugu.

Haya yote yanaweza kurekebishwa, lakini yanahitaji uijue Android yenyewe kwa undani. Unajifunza kupanga skrini ambayo inakunjuka maandishi yakikua badala ya kukatika. Unajifunza kuhifadhi data ndani ya simu kwanza, halafu uitume mtandao ukirudi, kwa sababu bando za shosho huisha kabla ya mwezi. Unajifunza WorkManager, njia ambayo Android yenyewe inakupa ya kupanga kazi za baadaye, na unajifunza pia ni wapi watengenezaji wa simu wanaibana. Unaangalia kila megabaiti. Apu ya Flutter, hata ikiwa tupu, hubeba injini yake ya kuchora skrini, kwa hivyo safari inaanza tayari ukiwa na mzigo mgongoni. Kwa simu ya bei, hakuna atakayegundua. Kwa simu ya shosho, huo mzigo unahesabika.

Mtu ataniambia, "Lakini kampuni kubwa ziko kila mahali." Ziko leo. Zilianzaje? Instagram ilitoka Oktoba 2010 kwa iPhone peke yake. Ilikaa hapo mwaka mmoja na nusu. Ilipofika Android Aprili 2012, watu zaidi ya milioni moja waliipakua chini ya siku moja, na siku chache baadaye Facebook wakatangaza kuinunua kwa dola bilioni moja. Wakati huo kampuni nzima ilikuwa na wafanyakazi 13. Walichagua mfumo mmoja, wakaung'arisha, ndio wakavuka.

Angalia vizuri lakini: walichagua iPhone kwa sababu watu wao wa kwanza, kule San Francisco, walikuwa na iPhone. Somo si "anza na iPhone." Somo ni "anza na simu ya watu wako." Na ukikaa kwa mfumo usio wa watu unaowataka, unaweza kulipia. Clubhouse ilianza 2020 kwa iPhone tu, dunia nzima ikiwa imefungiwa nyumbani na inatafuta pa kupiga stori. Android walifika Mei 2021. Kufikia hapo Twitter walikuwa wameshaweka Spaces, na Android walikuwa ndani. Wakenya wangapi unawajua walikesha Clubhouse? Na wangapi walikesha Spaces wakibishana siasa na mahusiano? Hapo umejijibu.

Sasa twende kwa wale wa Flutter, kwa sababu wana hoja na si vizuri kujifanya hawana.

Hoja ya kwanza: kazi. Kampuni nyingi zinataka mtu wa kufanya zote mbili kwa mshahara wa mmoja. Kweli. Kama umepata kazi na wanatumia Flutter, tumia Flutter, kula mshahara wako kwa amani. Naongea juu ya apu yako mwenyewe, ile unataka iishi.

Hoja ya pili: watu wa iPhone ndio wana pesa. Kama unauza kitu cha shilingi elfu mbili kwa mwezi kwa watu wa Kilimani, ama wateja wako ni Wakenya walio Marekani, basi hesabu yako ni tofauti na yangu, na huenda iPhone ndio simu ya watu wako. Poa. Chagua hiyo moja na uijue. Lakini kuwa mkweli: umewauliza hao watu, ama unataka tu picha nzuri za skrini kwa portifolio?

Hoja ya tatu inaniuma zaidi: ukiegemea mfumo mmoja, mwenye mfumo anakushika shingo. Ni kweli. Google wakibadilisha sheria leo, kesho huna apu. Kwa mfano, ukifungua akaunti mpya ya mtu binafsi sasa, lazima utafute watu 12 wajaribu apu yako siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa kwa umma. Walianza na watu 20 mwishoni mwa 2023, wakapunguza. Kwa mtu asiye na mbogi, hiyo ni ukuta. Lakini kukimbilia mifumo miwili hakuondoi bwana. Kunakupa mabwana wawili. Na hiyo sheria ya watu 12 ina kitu kizuri ndani: inakulazimisha utafute binadamu 12 wanaojali apu yako. Ukiwakosa, tatizo si Google.

Kuna pia jambo la heshima. Android inakufungulia milango ambayo iPhone imefunga kabisa. Apu ya Android inaweza kuomba ruhusa ya kusoma SMS, ndio maana apu za mikopo na za bajeti ziliweza kusoma meseji za M-Pesa. Apu ya kawaida ya iPhone haiwezi kufungua hizo meseji. Huo uwezo tuliuona ukigeuka kuwa noma: watu wakapigiwa simu kazini, wazazi wakatumiwa meseji za madeni ya watoto wao. Google wakabana SMS, na mwaka wa 2023 wakazuia apu za mikopo kugusa orodha ya majina na picha za mtu. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia. Kwa hivyo ukijenga asilia, usiombe kila ruhusa kwa sababu ipo. Shosho hasomi yale maandishi. Anabonyeza "Ruhusu" kwa sababu ni wewe umemwambia abonyeze.

Na kabla hujaanza, jiulize swali moja: hii kitu inahitaji kuwa apu kweli? M-Pesa ilianza 2007 ndani ya laini ya simu, kwa zile kabambe za tochi, bila apu yoyote. Kama wazo lako linaweza kuishi kwa USSD, kwa tovuti nyepesi ama kwa kikundi cha WhatsApp, anzia huko. Apu ijengwe pale ambapo simu yenyewe inahitajika: kamera, mahali ulipo, kufanya kazi bila mtandao, kukumbusha.

Ukishajibu ndiyo, hivi ndivyo ningefanya. Chukua lapi uliyonayo. Android Studio ni ya bure, inataka RAM ya GB 8 kwenda juu, na itakula yote. Usiwashe ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Tafuta simu halisi ya bei ya chini, ingia kwa mipangilio, gonga nambari ya toleo mara saba, uunganishe na waya. Jifunze Kotlin na Compose, ambayo ndiyo njia ya sasa ya kuchora skrini. Jenga kitu kimoja kinachotatua shida ya watu unaowajua kwa majina. Kaa nao wakitumia, na unyamaze. Rekebisha. Rudia.

Siku ikifika ambapo watu wa iPhone wanakusumbua wakitaka apu yako, hiyo ni shida tamu. Kotlin yenyewe sasa inaweza kutumika kuandika sehemu ya ndani ya apu ya iPhone, na njia hiyo ilitangazwa kuwa imara Novemba 2023. Kwa hivyo hujajifungia popote.

Apu nyingi za vijana hapa hazifi kwa kukosa iPhone. Zinakufa kwa sababu hakuna mtu mmoja, kwa simu moja, ambaye angezikosa zikipotea. Tafuta huyo mtu kwanza, na uangalie ameshika simu gani.