Mgagani Si Magugu

Ndugu msomaji, mvua za kwanza zinaponyesha huku Bariadi, mgagani huota wenyewe karibu na mazizi na mashambani. Wengi wetu tunaung'oa na kuutupa. Kisha tunakwenda gulioni kununua kabichi. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa.

Bibi zetu waliujua mgagani. Waliuchuma ungali mchanga, wakauchemsha, wakauunga kwa maziwa au karanga ili kupunguza uchungu. Mwingine waliukausha. Mboga hiyo kavu, ambayo Usukumani huitwa nsansa, ililiwa na ugali wakati wa kiangazi.

Leo tunajua kwa nini walifanya vyema. Majani ya mgagani yana vitamini A nyingi kuliko kabichi. Mtoto anayekosa vitamini A hushindwa kuona vizuri jua linapozama, na huugua mara kwa mara. Mgagani una pia madini ya chuma, yanayosaidia kujenga damu. Mama mjamzito anayahitaji sana. Nayo karanga ina mafuta, na mafuta huusaidia mwili kuipata ile vitamini A.

Lakini jambo moja limebadilika tangu enzi za bibi zetu. Siku hizi pamba yetu hupuliziwa dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo ni sumu kwa watu pia. Usichume mgagani ndani ya shamba la pamba lililopuliziwa dawa, wala kando yake. Kuosha na kuchemsha hakuondoi sumu yote.

Basi tufanye nini? Tupande mgagani wetu nyumbani. Fanya hivi:

1. Weka mbegu kutoka mapodo yaliyokauka.
2. Tengeneza tuta dogo, utie samadi iliyooza.
3. Panda mvua zinapoanza. Baada ya wiki 4 hadi 6 utaanza kuchuma.
4. Kata maua yanapotokea, ili majani yaendelee kuchipua.
5. Mboga ya kuweka akiba ichemshe kidogo, kisha ianike kivulini penye upepo. Jua kali huharibu vitamini A.

Wapo wanaosema mgagani ni chakula cha maskini. Ndugu msomaji, mtazame mwanao kwanza. Mboga inayomlinda macho, tena haikugharimu hata senti, usiione aibu kuiweka mezani.