E.T. Hakuiangusha Atari

Kila mahali watu wakibishana kuhusu gemu mbovu zaidi duniani, E.T. haikosi kutajwa. Mimi nakataa. Wengi wanaoitukana hata hawajawahi kuicheza.

Tuongee ukweli. Mwaka wa 1982 filamu ya Steven Spielberg ilikuwa imeteka dunia. Atari ikapata haki za kuitengenezea gemu, ikampa Howard Scott Warshaw wiki tano hivi, kwa sababu lazima gemu ifike madukani kabla ya Krismasi. Ni kweli alikubali. Lakini wiki tano, jameni! Raiders of the Lost Ark, gemu yake nyingine iliyotokana na filamu, ilimchukua miezi.

Na bado E.T. ina mwanzo na mwisho: unatafuta vipande vitatu vya simu, unapiga nyumbani, unachukuliwa. Ndiyo, unatumbukia mashimoni mpaka unachoka. Sasa nani alimnyima muda wa kurekebisha hayo mashimo? Na nani aliagiza mamilioni ya kaseti kabla ya kujua kama zitauzika? Mabosi.

Mwaka wa 1983 Atari ilizika mali yake kwenye jaa la Alamogordo, New Mexico. Jaa lilipofukuliwa 2014, E.T. ilikuwemo, lakini Centipede pia ilikuwemo, na hiyo watu waliipenda. Kwa hivyo msiniambie gemu moja ilizamisha kampuni.

Tunasema haraka haraka haina baraka. Basi tuache kumlaani fundi, tumuulize aliyemkimbiza.