Mwenye Kabambe Naye Asome

Machi 15, 2020, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Kwa hilo hana wa kumlaumu. Linalostahili kusemwa, tena wazi, ni lile lililofuata: wazazi waliambiwa masomo yangeendelea nyumbani, na kila mkubwa aliyesimama mbele ya kipaza sauti alisifu mtandao kana kwamba umeshafika kila boma.

Takwimu zilikuwapo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kati ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi, waliokuwa wakitumia intaneti ni asilimia 22.6 tu. Mijini walikuwa 42.5, mashambani 13.7. Mtu hakuhitaji shahada kujua ni watoto wa nani wangeachwa nje.

Katika shule za binafsi za Nairobi haikuchukua muda kabla wanafunzi hawajaanza kuitwa majina asubuhi kwenye Zoom. Mzozo wao ulikuwa wa karo: mzazi alipe kiasi gani kwa somo analofuatilia mwanawe akiwa sebuleni? Mzozo wa haki, lakini ni mzozo wa walioshiba.

Mashambani, mwalimu mwenye moyo alipiga picha ukurasa wa mazoezi na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Picha ile ilimfikia mwenye simu ya kupangusa, mwenye bando, na mwenye chaji. Baba mwenye kabambe, simu ya vitufe, hakuona kitu. Hata pale simu ilipokuwapo, ilikuwa ya mama, na mama alitoka nayo alfajiri kwenda sokoni akarudi nayo magharibi. Watoto watatu wa madarasa matatu wakaigombania gizani, betri ikiwa imebaki vijiti viwili. Mambo yalikuwa vivyo hivyo Mathare na Kibera, ambako mnara wa simu unaonekana mlangoni lakini fedha za bando ndizo za unga. Kuishi mjini pekee hakukutosha.

Itasemwa kwamba redio ilikuwapo. Kweli, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilirusha vipindi kupitia KBC, na hiyo ndiyo hatua iliyofika mbali kuliko zote. Lakini sensa ileile ilikuta redio katika asilimia 56.9 ya nyumba. Na kipindi cha redio hakimngoji mtoto aliyetumwa kisimani. Hesabu ikishapita imepita. Mtoto anayeonekana nyumbani mchana huhesabiwa kuwa mkono wa kazi, hasa akiwa msichana.

Kinachokera zaidi ni vishikwambi. Tangu 2016 serikali ilikuwa imegawa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma, kwa gharama ya mabilioni. Vilikuwa mali ya shule, si vya kwenda navyo nyumbani. Siku mwanafunzi alipovihitaji kuliko siku nyingine yoyote, vilikuwa upande wa pili wa lango lililofungwa.

Mwezi Julai 2020 yalikuja maputo. Kampuni ya Loon, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilipeperusha maputo yapatayo 35, kilomita 20 hivi angani, yarushe mtandao wa 4G magharibi na katikati ya nchi. Magazeti yalishangilia. Kabambe haishiki 4G, na kufikia Machi 2021 huduma hiyo ilikuwa imekoma.

Oktoba 12, 2020 wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne waliitwa warudi. Wengine wakangoja hadi Januari. Miezi michache baadaye watahiniwa wakaketi kufanya mitihani ya kitaifa ya KCPE na KCSE. Karatasi ilikuwa moja kwa wote: aliyekuwa na mwalimu kwenye skrini tangu Aprili na aliyechunga mbuzi Turkana tangu Machi.

Basi Wizara ya Elimu na ianze kupanga kutoka chini. Mpango wowote wa dharura upimwe kwanza kwa nyumba isiyo na stima. Ukimfikia mtoto wa huko, wa mtaa wa kitajiri kama Kilimani utamfikia bila shida. Kila shule iwe na daftari la nani ana redio, nani ana kabambe, nani hana chochote. Mazoezi yachapishwe kwenye karatasi, yapitie kwa chifu na kwa mzee wa kijiji, na mwalimu aliye jirani alipwe nauli ya kuyazungukia na kuyasahihisha. Kuna anayeliona jambo hili kuwa la kizamani. Na aeleze maputo yalisahihisha madaftari mangapi. Wabunge nao, bajeti ya elimu inapofika mezani, waulize fungu la karatasi na redio ni kiasi gani kabla ya kuuliza la vifaa vipya. Wazazi kwenye mikutano ya shule wana haki ya kudai waonyeshwe daftari hilo sasa, shule zikiwa wazi na walimu wakiwapo wa kulijaza.