Akili za Wengi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Neno hili twalikariri darasani tangu utoto. Lakini shule nyingi huendeshwa kama kwamba nywele zote zimeota juu ya kichwa cha mwalimu mkuu. Desturi hiyo naipinga.

Itazame Kiritiri, katika nchi kavu ya Mbeere. Si mbali na hapo, mto Tana umezuiwa kwa mabwawa ya Masinga na Kiambere, yaliyomalizika katika miaka ya 1980. Umeme ulipatikana ukamulika miji ya mbali; dumu la maji likabaki mgongoni mwa punda. Kazi kubwa yaweza kufanywa kwa ustadi, na haja ndogo ya jirani isitimizwe. Ndivyo ilivyo shuleni pia. Nani ajuaye mfereji upi wa paa huvuja, na tangi hukauka siku gani? Ni mwanafunzi ashikaye ndoo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tangu 1963 wito wa harambee umejenga shule nyingi za Kenya. Wazazi waliombwa shilingi, mawe na jasho, wakatoa. Mbona hawaombwi fikira? Atoaye jiwe aweza pia kusema likae wapi.

Watasema wengine kuwa maoni mengi ni kelele nyingi. Ni kelele yasipopangwa. Mwanzoni mwa 2008, nchi ilipochafuka baada ya uchaguzi, Wakenya wachache waliunda Ushahidi, chombo kilichopokea habari za machafuko kutoka kwa watu wa kawaida na kuzionyesha katika ramani. Sauti zilizotawanyika zikawa maarifa. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi, chombo hicho kilitumika Haiti.

Wewe nawe, msomaji, usijidhani huna lawama. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 za Kenya zilipatwa na moto, na mingi iliwashwa na wanafunzi. Bweni lililoungua halikuteka hata tone la maji. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imempa mwakilishi wa wanafunzi nafasi katika halmashauri ya shule. Asiende huko na manung'uniko matupu. Kila darasa liandike shida yake, lichore dawa yake, liijaribu kwa gharama ndogo, likosoe na kutengeneza tena. Kisha mchoro huo uwekwe mezani.

Mkubwa asiyeuliza hujinyima maarifa. Mdogo asiyetoa fikira huwanyima wenzake.