Nani Abebe Hasara ya Ukumbi Mtupu?

Ada ya kughairi ni fedha anayotozwa mteja aliyeweka nafasi katika mgahawa, hoteli au ukumbi, kisha akaghairi dakika za mwisho au asitokee kabisa. Inatozwa kwa njia mbili. Katika migahawa mingi ya Walt Disney World huko Florida, Marekani, mteja huacha namba ya kadi yake ya benki, na asipofika wala kutoa taarifa ndani ya muda uliowekwa hukatwa dola 10 kwa kila mtu aliyeandikishwa. Njia ya pili ni kulipisha kabla. Mgahawa wa Next wa Chicago, uliofunguliwa 2011, uliamua kuuza chakula cha jioni kwa tiketi, na mwenye tiketi asiyekuja fedha yake imekwenda.

Dar es Salaam imeingia njia ya pili bila kuichagua. Watu wengi hawana kadi ya mkopo, wana simu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini 2008, kutanguliza fedha kumekuwa jambo la dakika moja, iwe kwa lipa namba au kwa namba ya meneja mwenyewe. Meza ya watu wawili kwenye baa ya Mwananyamala haihitaji hayo: mtu huingia, akaketi, akaagiza. Suala linakuja kwenye shughuli. Ni harusi ya Mbagala, sendofu ya Tegeta, sherehe ya kuzaliwa kwenye hoteli ya ufukweni Mbezi Beach, au shule ya Tandika inayopanga kuwapeleka wanafunzi kwenye michezo ya maji Kunduchi au Kigamboni. Kote huko mwenye eneo hutaka sehemu ya malipo, mara nyingi nusu, ili tarehe ishikwe.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Pale Florida, biashara ndiyo inayochukua hatua ili ipate dola zake, na mteja anayeona ameonewa anaweza kuyapinga makato kupitia benki yake. Mbagala, fedha tayari ziko kwa mwenye ukumbi. Mteja ndiye anayepiga simu, anayefuata ofisini na kuambiwa meneja hayupo, aje Jumatatu. Kwenda mahakamani kudai laki tatu kunaweza kula nauli na siku za kazi hadi dai lenyewe likose maana. Kwa hiyo ada ya kughairi huku haihesabiwi kwa kipimo chochote. Inakuwa ni kiasi chote kilichotangulizwa, kwa sababu tu ya maneno mafupi yaliyo chini ya risiti kwamba fedha ikishalipwa hairudishwi.

Hata hivyo hasara ya mwenye biashara ni ya kweli, na anayeipuuza hajawahi kuendesha ukumbi. Kwaresima na Ramadhani hupunguza harusi, hivyo Jumamosi za miezi inayobaki hugombaniwa. Ukumbi ulioshikwa umeshawakataa wengine, na Jumamosi ikipita haiuziki tena. Mpishi naye huhesabiwa kwa sahani. Juma la shughuli ameshanunua mchele, ndizi na mafuta. Siku moja kabla kuku wameshachinjwa na vibarua wameshaahidiwa ujira. Mteja akijitoa usiku huo, mpishi ndiye anayebaki na deni sokoni.

Lakini hasara hiyo haina ukubwa mmoja, na hapa ndipo hoja ya kutorudisha chochote inapoanguka. Miezi miwili kabla ya shughuli hakuna kuku aliyechinjwa, na tarehe bado inaweza kupata mteja mwingine. Aliyepoteza amepoteza mazungumzo ya simu na mstari mmoja kwenye daftari. Wiki mbili kabla, uwezekano wa kuiuza tarehe upya umepungua. Siku ya mwisho karibu kila kitu kimekwenda. Sharti linalochukua kiasi kilekile katika nyakati zote tatu halifidii hasara. Linamwadhibu mteja, na linamwadhibu zaidi yule mwungwana aliyetoa taarifa mapema, kwa kuwa hapati nafuu yoyote kumshinda aliyekaa kimya.

Sababu za kughairi nazo zina sura ya hapa. Harusi nyingi za mjini hulipwa kwa michango inayokusanywa na kamati, na ahadi za wachangiaji hujulikana ukweli wake wiki za mwisho, wakati tarehe ya ukumbi ilishafungwa zamani. Ukitokea msiba wa mtu wa karibu, familia haiwezi kucheza muziki huku matanga hayajaanuliwa. Mvua za masika nazo hufunga barabara, na bonde la Jangwani likijaa, wageni hukwama kabla ya kuvuka. Haya si uzembe. Ni hatari ambazo pande zote mbili zinazijua siku mkataba unapofungwa, na hakuna haki kuziweka zote kwenye bega moja.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyotungwa 1961 kwa kufuata ile ya India ya 1872, inasema katika kifungu cha 74 kwamba mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kiasi cha haki isiyozidi kiasi hicho. Kilichoandikwa kwenye risiti ni ukomo wa juu. Si lazima chote kichukuliwe. Mahakama ya Juu ya India, ikitafsiri kifungu chenye namba hiyo hiyo katika kesi ya Fateh Chand ya 1963, ilimruhusu muuzaji wa nyumba kubaki na rupia 1,000 za arubuni, ikakataa abaki na 24,000 alizopokea baadaye bila kuthibitisha hasara. Hukumu hiyo hailazimishi mahakama za Tanzania, ila hoja yake inafaa kabisa kwa kumbi za Temeke.

Kuna pia shughuli inayoshindikana bila kosa la mtu. Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, serikali ilifunga shule na kuzuia mikusanyiko. Safari ya wanafunzi iliyoangukia siku hizo haikuvunjwa na shule. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba kinauhesabu mkataba wa namna hiyo kuwa batili, na cha 65 kinamtaka aliyepokea manufaa ayarudishe.

Kwa familia nyingi za pwani liko pia swali la dini. Madhehebu ya Shafii, pamoja na Hanafi na Maliki, yanakataa muuzaji kubaki na arubuni mnunuzi akijitoa; Hanbali inaruhusu. Mwaka 1993 baraza la kimataifa la fiqhi la nchi za Kiislamu liliikubali arubuni kwa sharti kwamba muda wa kuamua uwekwe wazi. Sharti hilo la muda ndilo linalokosekana kwenye risiti nyingi za kumbi.

Mpango wa haki unaanza na jedwali fupi ambalo mteja analisoma kabla hajatuma fedha: kinachobaki kwa mwenye ukumbi miezi miwili kabla, wiki mbili kabla, siku mbili kabla. Tarehe ikipata mteja mwingine, aliyejitoa arudishiwe, pungufu ya gharama iliyokwisha kutumika. Msiba uruhusu kuhamisha tarehe mara moja bila makato.

Jedwali hilohilo limbane na mwenye ukumbi. Anayeuza Jumamosi moja kwa familia mbili hujiona amemaliza akirudisha alichopokea, ilhali kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa mteja fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba. Kiasi cha fidia hiyo kiandikwe kwenye risiti na kiongezeke kwa mwendo uleule: kidogo miezi miwili kabla, kikubwa juma la shughuli, wakati kadi zimeshagawiwa, ndugu wa mikoani wameshakata tiketi za basi, na ukumbi mwingine haupatikani Mbagala wala Tegeta.